Msumari au bamba: chuma kipi kitavumilia mpaka mfupa wa paja uunge?

Mfupa wa paja wa mtu mzima ukivunjika katikati, jambo ambalo wodi za mifupa za Afrika Mashariki hulipokea mara kwa mara kutokana na ajali za bodaboda, mgonjwa na ndugu zake huambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji na "kuwekewa chuma". Neno hilo moja linafunika vitu viwili visivyofanana. Kuna bamba, ambalo hulazwa juu ya mfupa kwa upande wa nje wa paja na kukazwa kwa skrubu. Na kuna msumari, ambao hupitishwa ndani ya mfereji wa uboho na kufungwa kwa skrubu za kukingama juu na chini. Baada ya hapo huja swali la pili, la chuma chenyewe kiwe cha aina gani, stenlesi au titani, ambalo mara nyingi hujibiwa kwa kuangalia bei peke yake. Makala haya yanavilinganisha vyote kwa kipimo ambacho ndugu wengi hawakiulizii: kipi kina hatari kubwa zaidi ya kukatika kikiwa bado mguuni, na kwa sababu gani.

Tuanze na namna chuma kinavyokatika, kwa maana wengi hudhani kwamba chuma kilichovunjika ndani ya mwili lazima kilikuwa kibovu au mgonjwa alianguka. Mafundi wa gereji wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu. Springi ya gari la mizigo ikikatika barabarani, fundi huitazama na kusema imechoka, na neno lake ni sahihi kitaalamu. Ukiangalia pale ilipokatika utaona sehemu laini, iliyofifia, yenye mistari ya mviringo kama ile inayoachwa mchangani maji yanapokupwa, na pembeni yake sehemu ngavu yenye chembechembe. Sehemu laini ni ufa uliokuwa ukitambaa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Sehemu ngavu ni kile kilichobaki, ambacho kilikatika ghafla siku ya mwisho. Bamba la mfupa lililotolewa mguuni likiwa vipande viwili huwa na sura hiyohiyo. Siku lilipokatika mgonjwa huenda alikuwa akiinuka tu kitandani.

Elimu hii haikuanzia hospitalini. Mwaka 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilipata ajali mbaya baada ya ekseli ya injini kukatika, na katika miongo iliyofuata mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alizijaribu ekseli kwa kuzizungusha chini ya mzigo mara nyingi sana. Alionyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule ambao kingeubeba mara moja bila tatizo, mradi mzigo huo urudiwe vya kutosha. Na kadiri mkazo wa kila mzunguko unavyopungua, ndivyo idadi ya mizunguko ambayo chuma kinaivumilia inavyoongezeka, tena kwa kasi kubwa mno. Ni kwa sababu hiyo tofauti ndogo ya unene, ambayo jicho halioni, huweza kuwa tofauti kati ya chuma kitakachodumu miezi mitano na kitakachodumu miaka.

Sasa tuhesabu. Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku huukanyagia kila mguu mara 2,500. Katika miezi minne, hiyo ni mizunguko 300,000, na katika mwaka mzima inapita 900,000. Kila hatua ya kawaida hukibebesha kiungo cha nyonga mzigo wa kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, kwa sababu misuli inayomzuia mtu asiangukie upande nayo inavuta. Mtu wa kilo 70 anakuwa na takriban kilo 170 juu ya nyonga. Akijikwaa, mzigo huo hupanda maradufu na zaidi. Mabamba hujaribiwa maabara, mara nyingi hadi mizunguko milioni 1. Shina la nyonga bandia, ambalo linatakiwa kukaa mwilini maisha yote, hujaribiwa kwa mizunguko milioni 5, na shingo yake milioni 10. Bamba na msumari havikutengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Vilitengenezwa kushika mfupa wakati unaunga, na kwa paja la mtu mzima hiyo kwa kawaida ni miezi mitatu hadi sita. Mfupa ukichelewa, kila hatua ya mgonjwa inakula akiba ya chuma.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli unahusu namna mzigo unavyogawanywa kati ya chuma na mfupa, na muda ambao mgawanyo huo utaendelea. Hapa ndipo msumari na bamba vinapoachana kabisa.

Mahali chuma kinapokaa

Uzito wa mwili unashuka kutoka kichwa cha mfupa wa paja, ambacho kiko ndani kuelekea nyonga, kwenda katikati ya goti. Mstari huo unapita upande wa ndani wa mfupa wenyewe. Msumari, ukiwa katikati ya mfupa, uko karibu zaidi na mstari huo; bamba, likiwa limelazwa juu ya ganda la nje, liko mbali zaidi kwa nusu nzima ya unene wa mfupa. Umbali huo ni mkono wa wenzo. Uzito uleule unalipinda bamba kwa nguvu kubwa kuliko unavyoupinda msumari.

Ubaya wa pili ni kwamba bamba hupindwa kwa upande wake dhaifu. Chukua rula ya mwanafunzi: ukiilaza na kuikandamiza hupinda kirahisi, ukiisimamisha kwa ukingo haikubali. Bamba lililolazwa nje ya paja liko kama rula iliyolazwa, ilhali msumari ni wa mviringo na hauna upande dhaifu. Tukifanya hesabu ya wahandisi ya uwezo wa kuhimili kupindwa, bamba lenye upana wa milimita 16 na unene wa milimita 5 linapata kama 67, na msumari mzima wa milimita 10 unapata 98, kwa kipimo cha milimita za ujazo. Lakini bamba lina matundu. Penye tundu la skrubu la milimita 8, ile 67 inabaki kama 33 tu, na juu ya hapo ukingo wa tundu hukusanya mkazo mahali pamoja. Ndiyo maana bamba karibu daima hukatika kwenye tundu, na hasa tundu tupu lililo juu ya mvunjiko.

Msumari nao una matundu yake, huko mwisho zinakopita skrubu za kukingama. Ukikatika, mara nyingi hukatika hapo, hasa kama mvunjiko uko chini sana na tundu la karibu liko chini ya sentimita 5 kutoka mahali mfupa ulipovunjika. Hili ni muhimu kwa anayechagua: sifa za msumari ninazozitaja hapa ni za mvunjiko wa katikati ya mfupa. Kadiri mvunjiko unavyoshuka kuelekea goti, mfereji unapanuka kama tarumbeta, msumari unacheza ndani yake, skrubu za kukingama zinabeba karibu kila kitu, na pengo kati ya msumari na bamba linazidi kufungika.

Kuhusu unene wa msumari, mgonjwa ana haki ya kujua hesabu moja. Uwezo wa msumari kuhimili kupindwa unakua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu. Kutoka milimita 9 hadi 10 ni ongezeko la asilimia 37. Kutoka 10 hadi 12 ni asilimia 73. Daktari anayechonga mfereji wa uboho ili aingize msumari mnene kidogo anaununulia mguu muda mwingi. Kinyume chake, watu hufikiri kwamba msumari wenye tundu katikati ni dhaifu sana kuliko ulio mzima, na hawako sahihi: msumari wa milimita 10 wenye tundu la milimita 5 katikati hupoteza kama asilimia 6 tu ya uwezo huo, kwa kuwa chuma cha katikati hufanya kazi ndogo sana katika kupindwa. Udhaifu wake huonekana zaidi pale tundu la skrubu linapokata kuta zake ambazo tayari ni nyembamba.

Bamba lina utetezi wake, nao ni mzito. Mvunjiko ukiwa umekatika vizuri, vipande viwili vikigusana kabisa upande wa ndani wa paja na bamba likikazwa kwa kuvibana, mfupa wenyewe unapokea mgandamizo na bamba linabaki na kazi ya kuvuta tu, kazi ambayo chuma kinaimudu. Katika hali hiyo bamba linaweza kudumu bila wasiwasi. Hatari iko kwenye pengo. Vipande vikiwa vimesagika, au kipande cha ndani kikikosekana, bamba linakuwa daraja lisilo na nguzo na kila hatua inalikunja mahali palepale. Ukiona kwenye picha ya eksirei bamba upande mmoja na pengo jeusi upande wa pili, hiyo ndiyo sura inayotangulia vyuma vingi vilivyokatika.

Kuna pia suala la skrubu, ambalo ndugu hulipima kinyume. Bamba lenye skrubu katika kila tundu linaonekana imara, na familia hufurahi kwamba chuma kimekazwa vilivyo. Lakini mvunjiko uliosagika ukifungwa hivyo, kupinda kote kunabanwa katika kipande kifupi cha bamba, na kipande hicho huchoka haraka. Zaidi ya hayo, mfupa unaoponea kwa kuota mfupa mpya pembeni unahitaji mtikisiko mdogo, na ukinyimwa huchelewa. Madaktari wenye uzoefu huacha matundu mawili au matatu yanayofuatana bila skrubu juu ya mvunjiko wa namna hiyo ili mkazo usambae badala ya kukusanyika kwenye tundu moja. Mgonjwa akiyaona kwenye picha asidhani skrubu zilipungua.

Stenlesi au titani

Hapa nitakuwa mfupi kuliko wauzaji wanavyopenda. Stenlesi ya upasuaji, inayojulikana kama 316L, ina kromiamu, nikeli na molibdenumu, na ukakamavu wake, yaani namna inavyokataa kunyumbuka, ni karibu gigapaskali 190. Titani iliyochanganywa na alumini na vanadiamu ina karibu 110. Ganda la mfupa lenyewe lina kati ya 15 na 20. Titani basi inanyumbuka zaidi, inauachia mfupa sehemu kubwa zaidi ya mzigo, na kwa mizunguko mingi, ikiwa nyuso zake ni laini, kwa kawaida huvumilia mkazo mkubwa kuliko stenlesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mabamba ya sehemu ya chini ya paja ulikuta mfupa mpya mwingi zaidi kwa waliowekewa titani kuliko waliowekewa stenlesi. Titani haina nikeli, jambo la maana kwa mtu mwenye mzio wa madini hayo, na huvuruga kidogo picha za MRI.

Udhaifu wa titani ni kwamba haisamehe mkwaruzo. Bamba la titani likikunjwa kwa koleo wakati wa upasuaji, kisha likanyooshwa, kisha likakunjwa tena kwa kuwa halikukaa sawa, alama zile huwa mlango wa ufa. Stenlesi hustahimili matendo hayo vizuri zaidi, ingawa hakuna chuma kinachofaidika kwa kukunjwa na kunyooshwa. Stenlesi nayo ina adui wake: pale kichwa cha skrubu kinaposuguana na bamba, ngozi nyembamba inayoikinga na kutu hukwanguka, na chumvi ya majimaji ya mwili huanza kuila, hivyo kutu na uchovu hufanya kazi pamoja. Jambo jingine ambalo daktari atalilaani miaka miwili baadaye ni kwamba skrubu za titani za kujifunga zinaweza kugandana na bamba kiasi cha kulazimu kichwa cha skrubu kikatwe wakati wa kutoa.

Kwa uamuzi wangu, mwenye fedha ya kuchagua kitu kimoja tu asiitumie kununua titani badala ya stenlesi. Aitumie kupata msumari wenye kipenyo kinachoujaza mfereji wake, au kulipia picha za eksirei za kufuatilia. Msumari wa stenlesi wa milimita 11 uliowekwa vizuri ni salama kuliko bamba la titani juu ya pengo.

Upatikanaji, na kutoa chuma kilichokatika

Zamani kikwazo cha msumari katika hospitali zetu kilikuwa mashine ya eksirei ya ndani ya chumba cha upasuaji, kwa kuwa bila kuona tundu la chini daktari alipapasa gizani kulitafuta kwa skrubu. Bamba halikuhitaji mashine hiyo, na ndiyo sababu mojawapo lilipendwa. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland katika jimbo la Washington, Marekani, lilitengeneza msumari mzima wa stenlesi wenye mkono wa nje unaoonyesha mahali tundu lilipo, na huzipa hospitali za nchi zenye kipato kidogo misumari hiyo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ya Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vilivyoutumia kwa muda mrefu. Kwa mgonjwa wa paja lililovunjika katikati, kuuliza kama hospitali ina msumari wa aina hiyo ni swali la maana zaidi kuliko kuuliza chapa ya bamba.

Lakini msumari mzima una gharama yake iliyofichika. Bamba likikatika, daktari anafungua palepale, anatoa skrubu na vipande viwili. Msumari wenye tundu katikati ukikatika, kipande cha chini huweza kuvutwa kwa ndoano inayopitishwa ndani ya tundu hilo. Msumari mzima ukikatika, kipande cha chini hakina pa kushikwa, na kukitoa kunaweza kuwa kazi ya saa nyingi. Hatari ya kukatika ni ndogo, lakini adha yake ni kubwa, na mtu anayechagua anapaswa kuzipima zote mbili.

Nani basi achague kipi

Mtu mzima aliyevunjika katikati ya paja, mwenye mfereji usio mwembamba kupita kiasi wala uliopinda kwa ajali ya zamani, achague msumari, na hasa kama ni mtu atakayelazimika kutembea mapema. Mara nyingi mwenye msumari wa unene wa kutosha huruhusiwa kukanyaga mapema kadiri maumivu yanavyomruhusu, ilhali mwenye bamba huambiwa atumie magongo bila kuuwekea mguu uzito kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Tuwe wakweli kuhusu maisha: muuza genge anayeishi ghorofani au kwenye mlima, mwenye watoto wanaosubiri, hatakaa wiki kumi na mbili bila kukanyaga. Kumwekea bamba juu ya mvunjiko uliosagika na kumpa karatasi ya maelekezo ni kulibebesha bamba deni ambalo haliwezi kulilipa.

Bamba lichaguliwe pale mvunjiko ulipo karibu na goti au umeingia kwenye kiungo, pale mfereji umezibwa na nyonga bandia iliyowekwa awali, au pale mfupa umepinda kiasi kwamba msumari hautapita. Mifupa ya mkono kati ya kiwiko na kifundo nayo ni milki ya bamba, kwa sababu haibebi uzito wa mwili na inadai kurudishwa katika umbo lake kamili. Kwa watoto, hesabu zote hapo juu zibadilishwe, maana mifupa yao huunga upesi na sehemu zinazokua hazipaswi kupitishwa msumari wa watu wazima.

Vitu viwili vinaharibu uchaguzi wowote. Cha kwanza ni chuma kilichowahi kutumika kwa mgonjwa mwingine, hata kikisafishwa na kuchemshwa hadi king'ae, kwa sababu ufa ulioanza hauonekani kwa macho na mizunguko iliyokwisha kutumika hairudishwi na sabuni. Cha pili ni yote yanayouchelewesha mfupa kuunga: sigara, kisukari kisichodhibitiwa, na zaidi ya yote maambukizi kwenye jeraha. Chuma kinacholaumiwa kwa kukatika katika mwezi wa tisa baada ya upasuaji mara nyingi kilifanya kazi yake yote na kuzidi. Mfupa ndio haukufika.

Kwa hiyo tarehe ya kuangaliwa zaidi iko kati ya mwezi wa nne na wa sita tangu upasuaji. Picha mbili, ya mbele na ya ubavu, zinaonyesha kuta nne za mfupa, na daktari hutaka kuona mfupa mpya umevuka angalau kuta tatu. Mgonjwa aliyekuwa akitembea bila maumivu kisha akaanza tena kuumia pale pale kila anapokanyaga asisubiri tarehe ya kliniki. Kama kwenye mwezi huo wa sita hakuna ukuta uliovukwa na mfupa mpya, ni bora kurudi mezani mapema, kubadilishiwa msumari kwa ulio mnene zaidi au kupandikizwa mfupa kutoka kwenye nyonga, wakati chuma kingali kizima na mguu umenyooka, kuliko kurudi miezi mitatu baadaye kwa machela, mguu umepinda na vipande viwili vya chuma vikitafutwa ndani yake.